Gesi ya Jokofu Haiishi, Huvuja



Tunapozungumza juu ya haki, fikra zetu huenda upesi kwenye mashamba yaliyoporwa, mishahara isiyolipwa na kesi zinazopigwa kalenda. Ni sawa, maana hayo ni majeraha ya kweli. Lakini ipo dhuluma nyingine isiyo na rangi wala harufu, itendekayo mchana kweupe kandokando ya barabara ya Morogoro hapa Kongowe, na katika kila mji wa nchi hii uliofikiwa na umeme. Jokofu bovu linaletwa, bomba linakatwa, gesi inatoka kwa mvumo mfupi, na kazi inaendelea. Hakuna aliyeanguka wala aliyelalamika. Katika makala haya tunataka kueleza gesi hiyo ni kitu gani, inakwenda wapi na inamdhuru nani. Tunataka pia kueleza kwa nini tunaamini kwamba jambo hili ni suala la haki kabla ya kuwa suala la ufundi.

Ubaridi si anasa

Tuanze kwa kuondoa dhana moja potofu. Hatuandiki ili kuwahukumu wenye majokofu. Katika joto la mkoa wetu wa Pwani, samaki aliyenunuliwa Feri asubuhi hawezi kusubiri jioni bila barafu. Maziwa huchacha, nyama huharibika, na mama anayeuza maji baridi na juisi kituoni hulipa ada ya shule kwa friza lake moja. Chanjo za watoto wetu nyingi hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi, na dawa ya insulini ya mgonjwa wa kisukari nayo huhitaji ubaridi. Kwa hiyo ubaridi ni chakula, ni dawa na ni riziki. Anayemwambia maskini aishi bila jokofu ili kuiokoa anga, huku yeye mwenyewe amekaa chini ya kiyoyozi, hasemi neno la haki.

Swali letu ni jingine: je, ubaridi huo unapatikana kwa gharama ya nani?

Gesi hiyo ni nini?

Watu wengi hudhani kwamba gesi ya jokofu hutumika ikaisha, kama gesi ya kupikia inavyokwisha mtungini. Sivyo. Jiko huichoma gesi yake, lakini jokofu huizungusha tu. Ndani ya mabomba yaliyozibwa pande zote, kimiminika huingia mahali penye mgandamizo mdogo, huchemka na kugeuka mvuke, na katika kuchemka huko hufyonza joto la vyakula vilivyomo. Kisha kompresa huukandamiza mvuke huo, nao hupita katika mabomba ya nyuma ya jokofu, huliachia joto lile hewani na kurudi kuwa kimiminika. Mzunguko huo hurudiwa maelfu kwa maelfu ya mara kwa gesi ile ile. Jokofu zima likiwa halina tundu, gesi iliyowekwa kiwandani yaweza kufanya kazi mpaka jokofu lenyewe lizeeke.

Basi fundi akisema, "Gesi imekwisha," maana yake ni moja tu: gesi imevuja. Na mwenye jokofu anayejaziwa gesi kila baada ya miezi michache bila tundu kutafutwa na kuzibwa, analipia kitu kile kile mara nyingi, na kila mara anachokilipia kinapaa hewani. Hapa dhuluma ya kwanza yaonekana wazi, nayo inamwangukia mteja mwenyewe.

Si kila kimiminika kinafaa kwa kazi hii. Yatakiwa kiwe kinachochemka katika ubaridi mkali. Zamani viwanda vilitumia amonia, ambayo huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, pamoja na kemikali nyingine za namna hiyo. Zilipooza vizuri, lakini zilikuwa na sumu, na nyingine zilishika moto. Zikivuja chumbani usiku ziliweza kuua. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake nchini Marekani walibuni jamii mpya ya gesi zilizoundwa kwa kaboni, klorini na florini, ambazo kwa kifupi huitwa CFC. Mashuhuri kati yake ni ile iliyopewa namba R-12, inayochemka karibu nyuzi 30 chini ya sifuri. Haikuwaka moto wala haikuwa na sumu kwa mtu. Mwaka 1930 Midgley aliivuta pumzi mbele ya wanakemia wenzake, kisha akaipuliza kwenye mshumaa, nao ukazimika. Ilionekana kwamba binadamu amepata kitu kisicho na dosari.

Dosari ilikuwa imejificha ndani ya sifa yenyewe.

Mwizi asiyetosheka

Juu ya vichwa vyetu, takriban kilometa 15 hadi 35 kutoka ardhini, kuna tabaka la hewa lenye gesi iitwayo ozoni. Oksijeni tuivutayo huundwa kwa atomu mbili, na ozoni huundwa kwa atomu tatu za oksijeni hiyo hiyo. Ozoni ikiwa huku chini, katika moshi wa miji mikubwa, hudhuru mapafu. Ikiwa kule juu, ni kinga yetu, maana huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno, yaani ile miale mikali ya jua isiyoonekana kwa macho ambayo huunguza ngozi, huchangia mtoto wa jicho, huleta saratani ya ngozi na kudhoofisha mimea. Kinga hiyo si nene. Kama ozoni yote iliyo juu yetu ingeshushwa na kutandazwa ardhini, kina chake kingekuwa karibu milimeta 3 tu.

Gesi ya R-12 ikitoka bombani haiozi wala haioshwi na mvua, na mwanga wa jua wa huku chini hauivunji. Kwa kuwa haigusani na chochote, huelea mwaka hata mwaka mpaka ifike kule juu, na inaweza kukaa angani takriban miaka 100. Huko hukutana na miale mikali, nayo huivunja na kuifungua atomu ya klorini. Klorini hiyo huinyang'anya ozoni atomu moja ya oksijeni, na ozoni inakuwa oksijeni ya kawaida isiyo na kinga. Kisha klorini huiacha atomu ile iliyoinyang'anya na kurudi huru, tayari kunyang'anya tena. Ni kama mwizi aibaye, akauza mali papo hapo, akarudi sokoni mikono mitupu kutafuta kingine. Wataalamu wamekadiria kwamba atomu moja ya klorini yaweza kuharibu molekuli za ozoni zipatazo 100,000 kabla haijatulizwa.

Hayo yalielezwa mwaka 1974 na wanasayansi wawili waliofanya kazi katika Chuo Kikuu cha California, Mario Molina na Sherwood Rowland. Wenye viwanda waliwapinga kwa miaka mingi. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba juu ya bara la Antaktika ozoni hupungua mno kila majira ya kuchipua ya huko, na dunia nzima ikaanza kusema juu ya "tundu la ozoni". Mwaka 1995 Molina na Rowland, pamoja na Paul Crutzen wa Uholanzi, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Mataifa yalipokubaliana

Kilichofuata kinastahili kusimuliwa katika kila jumuiya, maana ni nadra. Mwezi Machi 1985 ulitiwa saini Mkataba wa Vienna wa kulinda tabaka la ozoni, na tarehe 16 Septemba 1987 ikapitishwa Itifaki ya Montreal. Aliyeongoza juhudi hizo kwa upande wa Umoja wa Mataifa alikuwa Mwafrika, Mostafa Tolba wa Misri, mkuu wa shirika la mazingira la Umoja huo, ambalo makao yake makuu yako Nairobi. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu tuliyoletewa. Meza yake moja iko hapa jirani.

Itifaki hiyo ilikuwa na misingi miwili ya haki. Kwanza, waliochafua zaidi watangulie kuacha: nchi tajiri zilitakiwa zikome kutengeneza CFC kufikia mwanzoni mwa mwaka 1996, na nchi zinazoendelea zikapewa hadi mwaka 2010. Pili, mwenye nacho amsaidie asiye nacho: mwaka 1990, huko London, mataifa yaliafikiana kuanzisha mfuko wa pamoja ambao nchi tajiri huchangia ili nchi maskini ziweze kubadili mitambo na kufundisha mafundi wake. Tanzania iliridhia mkataba na itifaki mwaka 1993. Baadaye Bunge letu lilitunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na mwaka 2007 zikatolewa kanuni za kudhibiti kemikali zinazoharibu ozoni.

Matokeo yake yanaonekana. Kufikia mwaka 2009 kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa ilikuwa imeridhia. Takriban asilimia 99 ya kemikali zilizokatazwa zimeondolewa katika matumizi. Tathmini ya kimataifa iliyotolewa mwanzoni mwa mwaka 2023 ilisema kwamba, sera zilizopo zikifuatwa, tabaka la ozoni litarudia hali yake ya mwaka 1980 kufikia karibu mwaka 2040 katika sehemu kubwa ya dunia, na karibu mwaka 2066 juu ya Antaktika.

Walioongoza Kanisa hawakukaa kimya. Papa Yohane Paulo II alilitaja tatizo la ozoni katika ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani ya tarehe 1 Januari 1990, na Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015 juu ya utunzaji wa mazingira, aliutaja Mkataba wa Vienna na utekelezaji wake kupitia Itifaki ya Montreal kuwa mfano mwema wa mataifa kushirikiana.

Mzigo ulivyohamia kwetu

Ikiwa mambo ni mazuri hivyo, kwa nini basi tunaandika?

Tunaandika kwa sababu muda ule wa ziada tuliopewa kwa huruma uligeuka pia kuwa mlango. Nchi tajiri zilipoacha R-12 mwaka 1996, majokofu yao ya zamani hayakutoweka. Mengi yalipakiwa melini na kuuzwa kwa bei nafuu katika bandari za Afrika. Mnunuzi wa huku alifurahi kupata jokofu kwa nusu ya bei ya jipya. Hakuambiwa kwamba amenunua pia kazi ya kulizika. Mwenye jokofu wa kwanza, huko ng'ambo, angepaswa kwa sheria ya nchi yake kulipia gesi inyonywe na kuteketezwa salama. Kwa kuliuza kwetu alikwepa gharama hiyo, na gharama haikufa, ilihama tu. Sasa imelala katika rundo la chuma chakavu, mahali ambapo kijana asiye na glovu hulipasua jokofu kwa nyundo ili apate shaba ya mabomba na chuma cha kompresa.

Wengi hawajui kwamba katika majokofu mengi ya zamani gesi haimo mabombani tu. Hata lile povu gumu la ukutani linalozuia joto lilivimbishwa kwa gesi ya jamii hiyo hiyo, R-11, na kiasi chake mara nyingi huzidi kile cha mabombani. Povu likichomwa moto ili chuma kibaki kitupu, gesi ile hutoka, na moshi wake huwa na sumu kwa anayechoma na kwa jirani yake.

Tatizo la pili ni gesi zilizoshika nafasi ya R-12. Viyoyozi vingi vilijazwa R-22. Hii nayo ina klorini, ila ina haidrojeni pia, kwa hiyo sehemu kubwa huvunjika kabla ya kufika juu, na madhara yake kwa ozoni ni karibu moja ya ishirini ya yale ya R-12. Nayo imewekewa mwisho: nchi zinazoendelea zilitakiwa ziwe zimepunguza gesi za kundi hilo kwa asilimia 67.5 kufikia mwaka 2025, na kufikia mwaka 2030 zikome, isipokuwa akiba ndogo ya kuhudumia mitambo iliyopo hadi mwaka 2040.

Majokofu ya nyumbani, kwa upande wake, yaliletewa R-134a, ambayo haina klorini kabisa na haiigusi ozoni. Lakini ina ubaya wa namna nyingine. Kilo moja ya R-134a ikiachwa hewani huzuia joto la dunia lisitoke sawa na takriban kilo 1,430 za hewa ukaa katika kipindi cha miaka 100. R-22 ni sawa na kilo 1,810, na R-12 ilikuwa sawa na zaidi ya kilo 10,000. Tufanye hesabu ndogo. Kiyoyozi kimoja chenye kilo moja ya R-22, gesi yake ikiachwa ipae, hulipasha joto anga kiasi cha kuchoma lita zipatazo 780 za petroli. Hakuna mtu wa Kongowe ambaye angemwaga petroli kiasi hicho mtaroni na kuiwasha, halafu jirani akakaa kimya.

Ndiyo maana tarehe 15 Oktoba 2016 mataifa yalikutana tena, safari hii Kigali, nchini Rwanda, na kuifanyia itifaki marekebisho ili gesi hizi zipashazo joto nazo zipunguzwe. Yalianza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2019. Kwa nchi za kundi letu, mpango ni kusimamisha ongezeko kuanzia mwaka 2024 na kupunguza kwa asilimia 80 kufikia mwaka 2045.

"Tundu liko mbali"

Tunajua pingamizi litakalotolewa, na ni la heshima. Mtu atasema: tundu la ozoni liko Antaktika, sisi tuko Pwani. Hapa tuna malaria, tuna upungufu wa maji na barabara mbovu. Kwa nini tusumbuke na anga ya pengwini?

Ni kweli kwamba katika nchi za ikweta ozoni haikupungua sana. Hatupendi kutisha watu kwa jambo lisilokuwapo. Lakini jibu letu lina sehemu tatu. Kwanza, haikupungua sana kwa sababu dunia ilizuiwa isiendelee. Watafiti waliokokotoa mwaka 2009 ni nini kingetokea kama CFC zisingedhibitiwa walionyesha kwamba kufikia mwaka 2065 theluthi mbili za ozoni ya dunia nzima zingetoweka, ikiwa ni pamoja na ile ya nchi za joto. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ufa huu ulizibwa kwa kuwahi.

Pili, kwetu jua ni kali na ozoni ya ikweta kwa asili ni nyembamba kuliko ya nchi za baridi. Wapo miongoni mwetu ndugu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina rangi ya kuikinga, na ambao saratani ya ngozi huwakatisha maisha wakiwa bado vijana. Ozoni haikuwaletea hali hiyo, lakini kila upungufu wa kinga huanza kwao. Jamii inayotetea maisha ya wenye ualbino dhidi ya panga la mshirikina haiwezi kuwa haijali jua linalowaua polepole.

Tatu, joto la dunia haliko Antaktika peke yake. Mkulima anayengoja mvua za vuli na mvuvi wa pwani yetu hawakutengeneza gesi hizi, lakini wao ndio wanaozilipia. Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Sisi tunaongeza kwamba nyasi zisikubali kusaidia kupigana.

Tusimtwike fundi peke yake

Hata hivyo tunakataa njia rahisi, ile ya kumgeukia fundi wa mtaani na kumwita mharibifu. Fundi huyo mara nyingi amejifunza kazi kwa kumtazama fundi mwingine. Mashine ya kunyonya gesi kutoka jokofuni na kuiweka mtungini ipo duniani, lakini bei yake ni kubwa kuliko mapato yake ya miezi mingi. Na hata akiinyonya, ataipeleka wapi? Mteja naye anabishana juu ya kila shilingi na hataki kulipia saa moja ya kutafuta tundu. Kumwadhibu mtu kwa kutofanya asichowezeshwa kukifanya ni dhuluma juu ya dhuluma.

Tena fundi ndiye wa kwanza kuumia. Akichomea bomba ambalo bado lina mabaki ya gesi hizi, moto huzigeuza kuwa mvuke wenye tindikali kali, na pengine fosjini, gesi ya sumu iliyotumika kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Akitumia oksijeni ya kuchomelea kupima tundu, oksijeni hiyo ikikutana na mafuta ya kompresa yaweza kulipuka. Gesi bandia nazo zipo: mwaka 2011 makontena ya majokofu yaliyojazwa gesi ghushi yalilipuka na kuua wafanyakazi nchini Vietnam na Brazil. Na sasa majokofu mengi mapya yana R-600a, ambayo haidhuru ozoni na karibu haiongezi joto, lakini inawaka kama gesi ya kupikia. Jokofu la namna hiyo lina kiasi kidogo cha gesi na limeundwa kwa tahadhari. Kujaza gesi inayowaka katika jokofu la zamani lisiloundwa kwa ajili yake ni kutega moto jikoni kwa mtu.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Anayestahili kuulizwa kwanza ni yule aliyefaidika zaidi na aliye na uwezo zaidi: mtengenezaji, msafirishaji wa majokofu mabovu na mwagizaji wake. Baada yake ni mamlaka zenye wajibu wa kukagua bandarini na kuhakikisha kwamba fedha za mafunzo na vifaa zinamfikia fundi wa pembeni mwa barabara, zisiishie katika semina za hotelini. Kisha ni sisi wateja. Fundi anakuja baada yetu, si kwa sababu hana wajibu, bali kwa sababu atautimiza wajibu huo kwa kadiri sisi wengine tulivyoutimiza wetu.

Yaliyo ndani ya uwezo wetu

Kuna mambo ambayo hayahitaji mkutano wa mataifa.

Parokia, kigango au kikundi kinaponunua jokofu au kiyoyozi, tusome kibandiko chake kabla ya kulipa. Namba ya gesi imeandikwa hapo. R-12 tuikatae kabisa. Kiyoyozi cha R-22, hata kikiuzwa rahisi, kitakuwa mzigo, maana gesi yake itazidi kuadimika mwaka hata mwaka. Tusiamini rangi ya mtungi wa gesi, bali maandishi yake na uaminifu wa muuzaji.

Jokofu likipungua ubaridi, tumwombe fundi atafute tundu kwanza, hata kwa maji ya sabuni, alizibe, ndipo ajaze. Tumlipe kwa kazi hiyo. Tusimlazimishe kuchagua kati ya dhamiri yake na chakula cha watoto wake.

Jokofu lililokufa lisipasuliwe wala kuchomwa uani. Lihifadhiwe likiwa limefungwa kwa kamba au limeng'olewa mlango, kwa usalama wa watoto wanaopenda kujificha ndani, mpaka apatikane fundi mwenye kifaa cha kunyonya gesi.

Vijana wetu wanaotafuta kazi watazame ufundi huu kwa makini. VETA hufundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi, na nchi inayozidi kupata joto itazidi kuwahitaji mafundi wanaojua kazi. Tunapendekeza mafundi wa Kongowe na vitongoji vya jirani waungane katika ushirika na kumiliki mashine moja ya kunyonya gesi kwa zamu. Kisichowezekana kwa mmoja huwezekana kwa kumi. Halmashauri ya walei ikisaidia kuandika barua ya maombi kwa wenye mamlaka, itakuwa imefanya kazi ya haki na amani kwa maana yake kamili.

Mwisho, tukumbuke kwamba ushindi huu unalindwa kwa macho. Mwaka 2018 wanasayansi waligundua kwamba R-11, iliyokwisha kupigwa marufuku duniani kote, ilikuwa inatolewa upya, na baadaye chanzo kikubwa kikabainika kuwa mashariki mwa China. Ilipofichuliwa, ilipungua. Anga haina mlinzi mwingine ila watu wanaokataa kunyamaza, wawe wenye darubini huko ng'ambo au wenye jokofu moja bovu hapa Kongowe.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, ni majokofu mangapi yamejazwa gesi zaidi ya mara moja bila tundu kutafutwa? Nani alilipia?

2. Majokofu yaliyokufa katika mtaa wetu yamepelekwa wapi?

3. Je, tunawafahamu mafundi wetu kwa majina, na tumewahi kuwauliza wanahitaji nini ili wafanye kazi yao bila kujidhuru wala kutudhuru?

4. Tukiandika barua moja tu mwaka huu juu ya jambo hili, tuiandike kwa nani, na tumwombe nini?